Aliyesema Atikise Mabawa

Daktari Lyle Brandvold alijenga ndege yake kama alivyokuwa akitengeneza meno ya watu: anaingia, anatazama, anasema "vizuri", na msaidizi ndiye anayetia mikono mdomoni. Masanduku yalimfikia kutoka kiwandani, mabati ya mabawa yameshakunjwa, matundu yameshatobolewa, na kilichobaki kilikuwa kupiga ribiti. Hata hizo zilipigwa na fundi aliyetoka Madison kila wikendi. Sheria inataka mtu ajenge zaidi ya nusu ya ndege yake kwa mikono yake mwenyewe. Nadhani mkono unaotoa pochi nao unahesabiwa.

Yangu niliijenga mwenyewe, kwa mbao, plaiwudi na kitambaa, ndani ya zizi la ng'ombe la shangazi yangu Ragna, huku bonde la Kickapoo, Wisconsin, kila jioni nikitoka kiwanda cha jibini. Kiti ni kimoja. Injini ilitoka kwenye Volkswagen kuukuu iliyokuwa imeota majani nyuma ya kanisa la Walutheri. Rangi ni ile nyekundu wanayopaka maghala na mazizi huku, iliyobaki shangazi alipopaka zizi, kwa hiyo ndege ikiegeshwa kando ya zizi, ukitazama kwa mbali unaona zizi limeota mabawa. Siku ya kwanza Daktari alipoiona alizunguka mara moja, akagonga bawa kwa kucha, akasema, "Banda la kuku." Wenzake wote wa chama chetu cha wajenzi wa ndege wakacheka, na jina likaganda.

Nisingejali jina. Kilichoniuma ni kwamba masika yale shangazi Ragna aliuza shamba. Aliyenunua ni mume na mke kutoka Chicago wanaotaka kufanya zizi liwe ukumbi wa harusi. Watu wa Chicago siku hizi wanalipa ili waoane palipokuwa na mavi ya ng'ombe, mradi mavi yenyewe yameondolewa. Mimi na ndege yangu tulihesabiwa pamoja na mavi. Tulitakiwa tuwe tumetoka kabla ya theluji ya kwanza.

Asiyejua ndege ya mbao atasema, si uifunike turubai? Funika. Theluji ya Wisconsin italala juu ya mabawa mpaka mbavu zivunjike, gundi itafunguka kwa baridi, na panya watakula kitambaa na gundi yake kama mkate na siagi. Kufika Pasaka una injini ya Volkswagen iliyokaa juu ya rundo la kuni. Hanga ya chama, lile ghala la kulazia ndege, ilikuwa na nafasi moja tu, iliyoachwa na mzee mmoja aliyehamia Arizona kukimbia koleo la theluji. Niliiomba. Na Daktari akaiomba, kwa ajili ya masanduku ya ndege yake ya pili, ambayo ilikuwa bado haijatolewa hata kwenye plastiki.

Yeye ndiye mwenyekiti. Akasimama mkutanoni, akakunja mikono.

"Jamani, mimi sipendi upendeleo," akasema. Mtu akianza hivyo, shika kofia yako. "Nafasi iende kwa atakayefika maonyesho ya ndege ya Oshkosh kwa mabawa yake, siku ya ufunguzi, kabla soseji za chama hazijaiva. Tukifika wawili, mtapiga kura. Ndege isiyofika kwa mabawa yake si ndege, ni samani."

Wakapiga makofi. Wendell Ruud, ambaye hucheka upande wowote upepo unakovuma, akacheka hadi akakohoa. Wote walielewa Daktari alikuwa analenga wapi. Kura zilikuwa mfukoni mwake, maana nusu ya chama amewaziba meno. Na hata kabla ya kura kulikuwa na foleni.

Foleni ya Oshkosh ni kitu cha kipekee. Siku za maonyesho ndege zinazokwenda pale ni nyingi kuliko njiwa wa kanisani, na kila rubani akifungua mdomo redioni hakuna atakayesikia kitu. Kwa hiyo hakuna anayefungua mdomo. Mnajipanga angani juu ya reli ya treni kutoka mji wa Ripon, mmoja nyuma ya mwenzake, kasi moja, maili mia kwa saa, na kumpita aliye mbele yako ni marufuku. Mkifika kijiji cha Fisk kuna waongozaji wamekaa kilimani na darubini. Wanawaita kwa rangi tu: wewe wa bluu, wewe mweupe. Ukiitwa hujibu kwa maneno, unatikisa mabawa. Ukiwa na shida, unaondoka kwenye mstari, unarudi Ripon, unaanza upya. Basi. Watu ambao nyumbani hawanyamazi hata wakiwa usingizini, pale wanakuwa mabubu.

Banda la Kuku nikilikandamiza mafuta mpaka mwisho linakwenda maili themanini. Walio polepole wanaruhusiwa kuja kwa kasi waliyojaliwa, lakini hakuna anayewapenda, na Daktari alikuwa na hakika kwamba nitaona haya, nitang'oa mabawa, nitaipakia kwenye tela na kuja kwa barabara kama samani.

Mwezi mzima wa Juni alitufanyisha mazoezi. Alipanga viti vya bustani ndani ya hanga, mmoja nyuma ya mwingine, tukakaa tumenyoosha mikono kama vinyago vya shambani, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, uso mwekundu.

"Mweupe, tikisa mabawa!" anajiamuru, kisha anajitikisa kushoto na kulia mpaka kiti kinalia. "Mmeona? Msifikiri! Mkiambiwa tikiseni, tikiseni kama mbwa anayekung'uta maji. Anayefikiri amechelewa!"

"Na mimi, Daktari?" nikamuuliza.

"Wewe, kijana, usitikise sana. Mayai yatavunjika."

Wakacheka. Maneno hayo nikayaweka akiba.

Asubuhi ya siku ya ufunguzi tulikutana uwanjani kwetu, nyasi bado na umande. Bi Bernadine Pulvermacher, katibu wa chama, alikuwa anapakia jiko la mkaa kwenye gari lake. Yeye alirusha ndege ya kunyunyizia dawa mashambani miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na siku hizi anasema amechoka kuvaa kofia, anapenda kula.

"We Anders," akaniita. "Ukifika nitakupa soseji ya kwanza. Usipofika, nitakupa ya mwisho, ile iliyoangukia majivu."

"Weka ya kwanza pembeni, Bi Bernadine."

Daktari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ndege yake, akinywa kahawa. Ndege ile ilikuwa nyeupe hivi kwamba ilikuwa inaumiza macho. "Tangulia," akaniambia kwa upole mkubwa. "Mimi namaliza kahawa, nitakukuta njiani. Nataka niwe nyuma yako, niokote vipande."

Nikawasha kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono, kwa sababu Volkswagen yangu haina anasa ya kitufe. Nikaruka.

Sitaeleza uzuri wa asubuhi ile. Mashamba ya mahindi yalikuwa mashamba ya mahindi. Nilikuwa natazama kipimo cha mafuta, na jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya buti. Ripon ilipotokea niliwaona wenzangu wakiingia mstarini, mmoja, mwingine, mwingine, nikajichomeka. Ndege ya mbele yangu ilianza kusogea mbali polepole, ikawa nzi, ikawa nukta. Nikageuza shingo. Kiti changu hakina kioo cha kunifunika, nikigeuka naona vizuri. Nyuma yangu kulikuwa na pua nyeupe.

Alikuwa amekuja kweli kuokota vipande. Ila hakuwa amepiga hesabu ya jambo moja: aliye nyuma ya polepole naye ni polepole. Ndege yake imefungwa kwa mabati ya kuvutia, na tundu za hewa ni ndogo kama za pua ya binti mfalme. Kwa maili mia mbili kwa saa inapumua. Kwa maili themanini inachemka kama birika. Niliona pua ile inapanda na kushuka, inanijia karibu, inarudi nyuma, inanijia tena. Mimi nilikuwa nimeshakandamiza kila kilichokandamizika. Nyuma yake mstari ulikuwa umebanana mpaka sikuweza kuona mwisho wake, ndege za watu wenye mali, mawakili na wauza nyumba, wote wamefunga midomo, wote wanamtazama Daktari mgongoni, naye ananitazama mimi.

Fisk ikatokea. Sauti ya mwanamke ikaingia redioni, kavu na changamfu.

"Nyekundu mdogo juu ya reli, tikisa mabawa."

Nikatikisa.

"Safi sana, nyekundu. Nakupenda. Hiyo ni rangi ya ghala au ni macho yangu?"

Nikatikisa tena. Nilikuwa na furaha, na furaha haina pa kukaa ndani ya ndege ndogo.

"Ni ghala. Fuata reli, nyekundu, njoo kwa kasi uliyo nayo. Walio nyuma wana subira."

Hapo ndipo ilipotoka sauti ambayo niliijua tangu mazoezi ya viti. Ilitoka kwa nguvu, redioni, mbele ya anga nzima ya Wisconsin.

"Subira gani? Hilo banda la kuku liondolewe njiani! Injini yangu inachemka! Wengine hapa tuna ndege za kweli!"

Kimya. Nimewahi kukaa kanisani mtu akiangusha kitabu wakati wa maombi. Kile kilikuwa kimya cha namna hiyo, ila kilikuwa na injini mia ndani yake.

Kisha mwongozaji akasema, kwa utamu wa mama anayemwita mtoto aliyevunja sahani:

"Aliyesema, atikise mabawa."

Nikageuka.

Ningekuwa mimi ningeganda kama gogo. Mtu yeyote mwenye akili angeganda, maana ndege nyeupe katika mstari ule zilikuwa nyingi kama meno, na nani angejua? Lakini Daktari alikuwa amekaa mwezi mzima kwenye kiti cha bustani akijifundisha kutofikiri. Bawa la kushoto likashuka. Bawa la kulia likashuka. La kushoto tena. Alitikisa kama mbwa anayekung'uta maji. Alitikisa vizuri kuliko yeyote niliyemwona siku ile.

"Asante, mweupe," akasema yule mwanamke. "Kutikisa kuzuri mno. Pinda kushoto, rudi Ripon, ingia mwisho wa foleni. Na upoze injini."

Hakuna aliyecheka redioni, tumefundishwa. Lakini ndege iliyokuwa nyuma ya Daktari ilitikisa mabawa. Na ya nyuma yake ikatikisa. Na ya nyuma yake. Kicheko kilikwenda mstari mzima kuelekea Ripon, bila sauti, bawa kwa bawa, naye Daktari akipita pembeni ya mstari kurudi mwanzo, hana budi kukisoma chote.

Nilitua penye doa la rangi ya kijani nililoambiwa, lililopakwa kwenye njia ya kutulia. Nilidunda kidogo. Asiyedunda hajatua, amewekwa tu. Mnara wa waongozaji ukasema, "Nyekundu, karibu Oshkosh," nikaenda kuegesha kwenye nyasi.

Sikuwa nimemaliza kufunga kamba za bawa kwenye vigingi, Wendell Ruud akaja anakimbia, tumbo likitangulia. Pale Oshkosh watu hukaa kwenye viti na redio ndogo masikioni wakisikiliza wanaokuja, kama wengine wanavyosikiliza mpira. Chama kizima kilikuwa kimesikia.

"Anders! Ndugu yangu!" akasema, akifuta machozi. "'Aliyesema atikise!' Na akatikisa? Niambie, alitikisa kweli?"

"Alitikisa."

"Mimi nilijua tangu mwanzo ndege yako ni ndege."

"Masika yale ulicheka mpaka ukakohoa, Wendell."

"Lile lilikuwa kohozi tu."

Daktari hakuja saa ile. Hakuja hata baadaye. Aliwekwa pamoja na wengine wazunguke Ziwa Green mpaka nafasi ipatikane, na alipokuwa akizunguka, uwanja ukafungwa kwa ajili ya maonyesho ya mchana. Sisi tulilala chali kwenye nyasi tukitazama watu wakiandika angani kwa moshi na kuruka kichwa chini. Mafuta yake yalipopungua akaenda kutua Fond du Lac, mji wa jirani. Bi Bernadine alikuwa amechemsha soseji ndani ya bia na vitunguu, akawasha mkaa, akawa anazigeuza mojamoja kwa koleo, hana haraka, lakini hasinzii.

Basi la shule la manjano likasimama barabarani. Wakashuka akina mama wawili, mtoto mwenye ndege ya sponji mkononi, kisha Daktari Lyle Brandvold, ameshika vifaa vya masikioni kama mtu aliyebeba mzoga wa kuku.

Wendell Ruud akazima redio yake ndogo.

"Ndege yangu iko Fond du Lac," akaanza. "Ilifika kwa mabawa yake. Kilichotokea ni mambo ya waongozaji, si ya ndege. Uwanja ukifunguliwa jioni naenda kuileta."

"Soseji zimeiva, Daktari," akasema Bi Bernadine.

"Zisubirishe kidogo."

"Ziungue kwa ajili yako? Hizi soseji hazikukukosea." Akaiweka ya kwanza kwenye mkate, akaipaka haradali, akanipa mimi. "Wewe mwenyewe ulisema: Oshkosh, kwa mabawa, kabla soseji hazijaiva. Ulitwambia mara ngapi? Mimi naisema mpaka ndotoni."

"Nilimaanisha..."

"Umekuja na nini?"

Akanong'ona kitu kifuani.

"Wenzangu wasikie," akasema Bi Bernadine. "Umekuja na nini?"

"Na basi."

"Basi lina mabawa?"

Wendell Ruud akawa wa kwanza kuinua mkono kunipa nafasi, kabla hata kura haijaitishwa. Wengine wakainua, midomo imejaa, hata wale wenye meno ya Daktari vinywani, wakitafuna soseji kwa meno hayohayo. Sitawasifu. Wale wale wangeinua mikono ile ile kwa ajili yake kama mimi ningeshuka kwenye basi.

Hata hivyo nafasi ilikuwa yangu. Ningeweza kukaa chini.

"Anders," akasema Bi Bernadine, ambaye aliniona navuta pumzi. "Umeshashinda. Kula soseji yako unyamaze."

Ushauri mzuri. Nikapanda juu ya benchi.

*Mwenye ndege ya haraka, kaja na basi la shule,*
*Ulimi ulimtoka, kwa wa nyuma na wa mbele,*
*Alipoitwa, kwitika, kwa mabawa yale yale,*
*Banda la kuku lafika, yeye abakia kule.*

Wakapiga meza. Wendell akataka nirudie, nikarudia. Watu wa mahema ya jirani wakaja kuuliza kuna nini, nikarudia mara ya tatu. Bi Bernadine peke yake hakucheka, alikuwa anakung'uta majivu kwenye soseji ya mwisho. Daktari alisikiliza hadi mwisho kila mara, kama mtu anayetazama kinywa cha mgonjwa. Kisha akakunja mikono.

"Vizuri," akasema.

Akachukua soseji yake, ile iliyoangukia majivu, akauma, akatafuna taratibu.

"Nafasi ile ni yako, kijana, sibishi. Ipo jirani na yangu. Umewahi kuitazama vizuri?"

"Naijua."

"Basi unajua kwamba haina soketi. Yule mzee wa Arizona alikuwa anavuta umeme wa kwangu. Soketi iko ukutani kwangu, na laini ile nililipa mimi." Akameza. "Januari, injini inayopozwa kwa hewa, bila hita ya kuipasha moto, ukizungusha pangaboi kwa mkono... Nitapenda kusikia shairi lake."

Sasa ni Januari. Banda la Kuku limelala pakavu, mbavu zake nzima, kitambaa chake hakijaonjwa na panya. Kule kwa shangazi wameshaoana maharusi jozi tatu au nne, na wanasema zizi lina harufu nzuri ya historia. Kila Jumamosi nikiwa sina zamu nakwenda hangani. Mafuta ya injini yameganda kama asali ya mwaka juzi. Nazungusha pangaboi mpaka ngozi ya viganja inabaki kwenye mbao, na injini inatoa sauti moja ya kikohozi, basi.

Daktari huwa ameshafika. Ameketi kwenye kiti chake cha bustani kando ya soketi, hita yake inanguruma, masanduku ya ndege ya pili yamemzunguka mpaka hana pa kunyoosha miguu. Waya wangu nimeulaza chini hadi mpaka wa nafasi yake. Anautazama. Ananitazama.

"Ukitaka umeme," anasema, "tikisa mabawa."

Mbele ya watu. Wendell Ruud huja makusudi na kahawa yake, anakaa katikati, hajui bado atacheka upande gani. Ni jambo dogo tu: shika ncha ya bawa, iinue, ishushe. Bi Bernadine ameniambia mimi ni mjinga, akamwambia Daktari ni mjinga mkubwa kwa sababu ameanza zamani.

Sijatikisa.

Jumamosi iliyopita mtu aliacha mlango mkubwa wazi, upepo wa kaskazini ukaingia, na bawa langu la kulia likainuka kidogo, likashuka. Wote tukaliona. Wendell akashusha kikombe. Daktari akanyoosha mkono kuelekea soketi, akaurudisha.

"Hiyo haihesabiki," akasema.

"Haihesabiki," nikamjibu, nikashika pangaboi tena.